Ziwa Naivasha lipimwe alfajiri, na majibu yabandikwe ufuoni

Mhariri,

Majuzi, katika baraza lililofanyika kwenye ufuo mmoja wa upande wa kusini wa Ziwa Naivasha, afisa aliyetumwa kutueleza hali ya maji alisimama mbele ya wavuvi, akina mama wachuuzi wa samaki na sisi wakazi wengine, akatusomea karatasi. Oksijeni iliyoyeyuka majini, miligramu 9.1 kwa lita. Kipimo cha pH, kile kinachoonyesha uasidi au ualkali wa maji, 9.0. Kisha akaikunja karatasi akasema maji yako sawa, kila mtu arudi kazini kwake. Watu wakapiga makofi. Naomba nafasi katika ukurasa wako nieleze kwa nini nambari hizo mbili zilinitia wasiwasi.

Mimi si mtafiti. Nilikuwa fundi wa maabara ya maji mpaka nilipostaafu: yule anayeosha chupa, anayepima kemikali kwenye mizani, anayehesabu matone ya bureti na kuandika jibu kitabuni kabla mkubwa hajaja kutia sahihi. Maji ya ziwa hili yamepita mikononi mwangu kwa wingi, ya kiangazi na ya masika. Kazi hiyo ilinifunza kwamba nambari isiyoandikwa saa, mahali na kina haiwezi kuaminiwa, hata kama mashine iliyoitoa ni ya bei ghali.

Nianze na hiyo 9.1. Naivasha iko karibu mita 1,890 juu ya usawa wa bahari, na huku juu hewa ni nyepesi. Maji yasiyo na chumvi yenye joto la nyuzi 22 yakiwa pwani huweza kubeba oksijeni karibu miligramu 8.7 kwa lita yakishiba. Maji hayo hayo yakiwa Naivasha hushiba kwenye miligramu 7 hivi. Upepo na mawimbi peke yake hayawezi kuyavusha hapo. Kwa hiyo ukikuta 9.1, yaani karibu asilimia 130 ya shibe, kuna kitu ndani ya maji kinachotengeneza oksijeni mchana kutwa kwa nguvu ya jua. Kitu hicho ni mwani, ule unaoyafanya maji yawe ya kijani kama unavyoonekana sasa pale ufuo wa Kamere. Nambari ambayo afisa aliisoma kama habari njema ilikuwa inatuambia kwamba mwani umezidi.

Jua likitua, mwani huo hauondoki. Unaendelea kupumua usiku kucha pamoja na samaki, konokono, kamba na mabilioni ya bakteria walio kwenye matope, na wakati huo hakuna anayeirudisha oksijeni inayotumika. Inashuka saa baada ya saa hadi kufikia kiwango cha chini kabisa karibu na mapambazuko. Kadiri ilivyopanda juu mchana, ndivyo inavyoweza kuporomoka alfajiri. Samaki wengi huanza kutaabika ikishuka chini ya miligramu 3, na chini ya 2 wengi hawadumu. Nilipomuuliza afisa sampuli ilichukuliwa saa ngapi, alinijibu kwa upole kabisa: saa nane mchana, gatini. Kupima oksijeni ya ziwa la kijani saa nane mchana ni sawa na kumuuliza mtu kama ana njaa mara tu baada ya kushiba.

Ile pH ya 9.0 nayo haikuzungumziwa. Kanuni za Ubora wa Maji zilizotangazwa nchini Kenya mwaka 2006 zilitaka chanzo cha maji ya matumizi ya nyumbani kiwe na pH kati ya 6.5 na 8.5. Tisa iko nje ya mpaka huo. Imepanda kwa sababu mwani unanyonya kaboni dayoksaidi majini, kwa hiyo ni dalili ya pili ya ugonjwa ule ule. Tena ina hatari yake yenyewe. Amonia inayotoka kwenye maji taka, mbolea na samadi, ikiwa kwenye maji yenye pH ya 7, karibu yote hubaki katika hali isiyowadhuru samaki. Sehemu iliyo sumu haifiki hata moja kwa mia. Ipandishe pH hadi 9 kwenye joto la huku kwetu, na karibu thuluthi ya amonia hiyo hiyo inageuka kuwa sumu. Maji hayajaongezewa tone la uchafu, ila saa ya siku imebadilika. Karatasi ile haikuwa na kipimo cha amonia hata kimoja.

Wako watakaosema nafanya kijambo kidogo kuwa kikubwa, kwamba ziwa ni ziwa na likipimwa limepimwa. Ziwa lenye kina kirefu, labda. Ziwa letu, ukiacha lile shimo la volkano lililo ndani ya ghuba ya Kisiwa cha Crescent, kwa wastani lina kina cha mita chache tu, nne hadi sita kutegemea mwaka. Asubuhi huwa limetulia kama mtu aliyelala. Baada ya saa sita mchana upepo unaamka, mawimbi yanafika hadi chini na kukoroga matope, na yote yaliyolala humo yanarudi juu. Fosforasi, chakula cha mwani, iliyoingia miaka iliyopita haijaondoka. Imejificha kwenye matope na hutoka tena kila upepo unapovuma, au kila oksijeni inapokwisha kule chini. Kwa hiyo hata tukifunga leo kila mfereji unaoleta uchafu, ziwa litaendelea kujilisha kutoka kwenye ghala lake lenyewe kwa muda mrefu. Anayepima maji ya juu tu, tena mahali pamoja, hajui ghala hilo lina nini.

Tunajua jinsi ziwa linavyopimwa ipasavyo, na hatuhitaji kwenda Ulaya kujifunza. Ziwa George la Uganda, ambalo lina kina cha wastani kisichozidi mita mbili na nusu, lilichunguzwa kwa makini kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960. Watafiti walipima usiku na mchana, juu na chini, na wakaona maji yakijigawa kwa matabaka wakati wa jua kisha kuchanganyika tena usiku, kila siku ya Mungu. Mambo ambayo ziwa la Ulaya huyafanya kwa mwaka mzima, ziwa la ikweta lenye kina kifupi huyamaliza ndani ya saa 24. Ndiyo maana saa ya kupima kwetu ina uzito kuliko hata mwezi.

Hivi karibuni niliwaomba vijana wawili wa kamati ya ufuo wanibebe kwenye mashua yao kabla ya kupambazuka. Nilikuwa na chupa zangu za zamani za vioo na kemikali za njia ya Winkler ya kupima oksijeni, njia ambayo imetumika tangu 1888 na haihitaji betri. Unajaza chupa kwa maji bila kuacha kiputo cha hewa, unatia salfati ya manganizi, halafu mchanganyiko wa alkali na iodidi, unafunika na kugeuza. Kama kuna oksijeni ya kutosha, unatokea mashapo mazito ya rangi ya kahawia. Kama hakuna, mashapo yanabaki meupe. Huna haja ya kusubiri maabara ndipo ujue pa kuanzia. Macho yanakwambia papo hapo.

Katikati ya maji wazi, chupa ya juu ilitoka kahawia nzuri. Ya chini, karibu na matope, ilikuwa hafifu kama chai iliyotiwa maziwa mengi. Kisha tukasogea kwenye kona moja ambako magugumaji yamefungana hata mashua haipiti bila kusukumwa kwa mti. Nikateremsha chupa chini ya zulia lile. Mashapo yalikuwa meupe. Kijana aliyeshika kurunzi aliniuliza, "Mama, hiyo inamaanisha hapo hakuna hewa kabisa?" Nikamwambia ndiyo, kwa saa hii, hapa. Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwamba kona ile ndiyo wanayokuta samaki wadogo wakielea upepo ukigeuka. Wavuvi wanajua mengi sana kuhusu ziwa hili, Mhariri, na hakuna fomu yenye mstari wa kuandika wanachokijua.

Tuliofika umri wangu hatujasahau Februari 2010. Kiangazi cha mwaka uliotangulia kilikuwa kimelikausha ziwa hadi watu wakalima mahali palipokuwa maji. Mvua zikaja kwa ghafla, mito ikashusha matope na taka, na samaki wakafa kwa wingi hadi fuo zikanuka. Vidole vikaelekezwa kwenye dawa za mashamba ya maua. Wengine wakasema ni oksijeni iliyokwisha. Siku kama hiyo, mtu mwenye daftari la vipimo vya alfajiri vya miezi iliyotangulia ndiye anayeweza kusema neno la maana. Asiyekuwa nalo anabaki kubishana.

Nisieleweke vibaya kuhusu mashamba hayo. Maelfu ya majirani zangu wanakula kwa sababu ya waridi zinazopelekwa Ulaya, na sitaki kumhukumu yeyote bila kipimo. Uchafu wa ziwa hili una milango mingi. Mto Malewa peke yake huleta sehemu kubwa ya maji yote yanayoingia, karibu asilimia 80, na unateremka kutoka Nyandarua kupitia mashamba madogo ya viazi na kabeji yaliyolimwa hadi ukingoni. Mji umekua. Mitaa kama Karagita inategemea vyoo vya shimo. Maji yalipopanda mwaka 2020 yaliingia mtaa wa Kihoto, na mwaka 2025 yakaingia tena, nyumba na vyoo pamoja. Kila mtu aliona kwa macho yake kilichokuwa kikielea. Mafunjo yaliyokuwa yakichuja maji kwenye mdomo wa Malewa yamepungua sana. Na chini kabisa kuna wageni tuliowaleta wenyewe: kamba wa maji baridi kutoka Marekani aliyeingizwa 1970, aliyeyala majani ya chini ya maji yaliyokuwa yakishikilia matope, na samaki aina ya kapu, anayefukua matope hayo kutafuta chakula. Huyo kapu amewalisha wavuvi kwa miaka mingi, kwa hiyo hatuwezi kumtukana. Lakini lazima tukubali kwamba anavuruga maji.

Ziwa lenye milango mingi namna hii halipimwi gatini peke yake. Mdomo wa Malewa upimwe, hasa siku za mwanzo baada ya mvua kubwa, wakati mto una rangi ya matofali. Maji yaliyo mbele ya Karagita na Kihoto yapimwe bakteria wa kinyesi. Katikati papimwe, juu na chini. Ghuba ya Crescent ipimwe peke yake kwa sababu kina chake si cha ziwa lingine. Upande wa Oloidien, ambao miaka ya nyuma ulijitenga na kuwa na magadi mpaka ndege waitwao flamingo wakahamia, upimwe kwa chumvi zake. Na mifereji ipimwe pale inapoingilia, kabla maji ya ziwa hayajaificha.

Kuna mambo ya kazi ambayo wakubwa huyapuuza, nami siwezi kuyapita. Chupa ya kupimia fosforasi haioshwi kwa sabuni ya unga, kwa sababu sabuni nyingine zina fosforasi. Inaoshwa kwa asidi na kusuuzwa mara nyingi kwa maji yaliyokenekwa. Sampuli ya bakteria huwekwa kwenye kasha la barafu na kufika maabara siku hiyo hiyo, au kwa vyovyote kabla ya saa 24 kwisha. Nimeona chupa zikiachwa ndani ya gari juani wakati watu wanakula chakula cha mchana. Jibu la chupa hiyo ni jibu la buti ya gari. Oksijeni nayo hupimwa au hufungwa kwa kemikali pale pale kwenye mashua. Haisafirishwi ikiwa hai hadi mjini.

Kilichoniuma zaidi siku ya baraza ni neno lenyewe, "sawa". Karatasi ilikuwa na oksijeni na pH, labda na joto. Haikuwa na bakteria, haikuwa na naitreti wala fosforasi, haikuwa na dawa za kuua wadudu, ambazo hupimwa kwa mashine za bei kubwa katika maabara chache. Lakini mama aliyesimama kando yangu, anayenunua maji kwa mtungi wa lita 20 kutoka kwa mkokoteni wa punda, alisikia kwamba ni sawa kunywa. Wengi wetu tunayakimbilia maji ya ziwa kwa sababu visima vingi vya eneo hili vina floridi iliyopita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita, na tazama meno ya watoto wetu. Hatuna chaguo pana. Ndiyo maana tunastahili ukweli wote.

Naomba gazeti hili liliweke wazi jambo moja kwa ajili ya akina mama hao. Kuchemsha maji kunaua vijidudu vya kipindupindu na vya homa ya matumbo, na tuendelee kuchemsha. Lakini aina fulani za mwani wa kijani-samawati hutoa sumu inayodhuru ini, na sumu hiyo haiondoki kwa kuchemshwa. Mahali ambapo maji yana utando mzito wa kijani kama rangi iliyomwagika, pasichotwe maji ya kunywa, mifugo isinyweshwe hapo na watoto wasiogelee. Hilo lilipaswa kusemwa barazani kabla ya makofi.

Katiba yetu, kifungu cha 35, inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na kifungu cha 43 kinataja maji safi na salama, ya kutosha. Najua vipimo vingine vya ziwa hili hufanywa, tena na watu hodari. Taasisi ya taifa ya utafiti wa bahari na samaki ina kituo hapa hapa Naivasha, na Mamlaka ya Rasilimali za Maji ina wajibu wake. Ninachoomba ni kwamba majibu yasiishie kwenye kabati na kwenye ripoti za Kiingereza. Kila ufuo wa kutua samaki uwekewe ubao. Juu yake paandikwe kwa Kiswahili: mahali, tarehe, saa, kina, hali ya upepo, oksijeni ya alfajiri na ya alasiri, pH, uangavu wa maji, amonia, bakteria. Kando ya kila nambari kiandikwe kiwango kinachoruhusiwa. Ambapo hapajapimwa paandikwe "haijapimwa". Mvuvi aliyeishia darasa la saba atausoma ubao huo na kuuelewa.

Nitaambiwa hakuna pesa. Mashine ya kupima dawa za wadudu ni ghali, nakubali. Lakini kipimo cha uangavu wa maji kinahitaji kisahani cha upana wa sentimita 20 kilichopakwa rangi nyeusi na nyeupe kwa robo, kamba yenye alama, na uzito wa kukizamisha. Padre Mwitaliano, Angelo Secchi, alianza kutumia kisahani cheupe cha namna hii mwaka 1865, na hadi leo mabingwa wanatumia visahani vya aina hiyo. Unakiteremsha upande wa kivuli wa mashua, unaandika kina kinapopotea machoni, unakipandisha, unaandika kinapoonekana tena, unachukua wastani. Wavuvi wako ziwani kila asubuhi kabla ya ofisi yoyote kufunguliwa. Wakipewa visahani, vipimajoto na daftari moja kwa kila ufuo, na mtaalamu akawa anapita kukagua, ndani ya mwaka tutakuwa na mfululizo wa vipimo vya alfajiri ambao mradi wa mamilioni haujawahi kutuachia ufuoni.

Vijana wale wawili wameshanitengenezea kisahani kwa kifuniko cha ndoo ya rangi, na wameanza kuandika. Niko tayari kuwafundisha wengine bila malipo, Kamere, Karagita, Tarambeta au popote nitakapoitwa, mradi kamati ya ufuo ilete mashua na ofisi inayohusika ikubali kupokea madaftari yetu na kuyalinganisha na ya kwake. Na yule afisa, ambaye alinijibu kwa heshima, namwomba arudi na kifaa chake kile kile, lakini aje saa kumi na moja alfajiri. Tutampeleka kwenye magugumaji.

Fundi mstaafu wa maabara ya maji,
Kamere, Naivasha